Mheshimiwa Aita Mashahidi

Mtu akianza barua kwa "tunasikitika", jua kwamba atakayesikitika ni wewe. Wao wameshamaliza, wamekwenda kunywa chai.

Ujumbe wa chuo uliingia kwenye simu yangu nikiwa nimepiga magoti dukani kwa mama, nyuma ya kochi la mteja, mashine ya pini mkononi, nikibana kitambaa kwenye mbao. Tunasikitika kukujulisha. Mafunzo ya ufundi wa maabara. Hukufikia kiwango katika somo la Kemia. Mwombaji asiyeridhika anaweza kukata rufaa kwa kufika ofisi ya msajili kabla ya Ijumaa. Niliusoma tena nikidhani wamekosea mtu, lakini jina lilikuwa langu, tena limeandikwa vizuri kuliko ninavyoliandika mwenyewe. Nikapiga pini saba mahali panapotaka mbili.

Mtaani wananiita Pini. Wengine husema ni kwa sababu ya kazi ya mama yangu, fundi wa makochi. Wengine husema ni kwa sababu ya ulimi wangu. Wote wamesema kweli. Lakini mimi sikutaka kuzeeka nikivisha makochi ya watu nguo mpya. Nilitaka kuwa yule mtu wa dirishani hospitalini, anayekuchoma kidole, akachukua tone lako la damu, akakuambia kakae pale usubiri. Watu humwogopa daktari bure. Daktari mwenyewe husubiri karatasi ya yule wa dirishani.

Habari mbaya haina breki. Kabla sijanyanyuka, mama alikuwa ameshanisoma usoni, bibi ameshamsoma mama, na kinyozi wa duka la jirani ameshaingia na kitana mkononi, mteja wake amemwacha nusu kichwa. Wakaanza kunipiga methali. Bibi akasema subira huvuta heri. Kinyozi akasema riziki haivutwi kwa kamba. Yule mteja wa nusu kichwa, ambaye hata hakunijua, akachungulia mlangoni na kusema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Laiti chuo kingepokea methali badala ya alama, siku hiyo ningeingia moja kwa moja mwaka wa tatu.

Mama peke yake hakuwa na methali. Alisema tu, "Pole, mwanangu," akaichukua mashine ya pini mkononi mwangu, akaanza kuzing'oa pini za ziada kwa bisibisi, moja baada ya nyingine, bila kunitazama.

Nikanuna. Mimi nikinuna, nanuna kwa bidii. Nyumbani kwetu, nyuma ya duka, hatujawahi kuwa na kochi letu, tuna ya wateja. Leo unakaa kwenye la kijani, kesho mwenyewe analifuata, unabaki na stuli. Nilijitupa kwenye kochi la mwalimu mkuu mmoja mstaafu, ambalo lilikuwa bado halina mito, nikaugeukia ukuta. Mbao zilinichoma mbavu na mimi nikaziacha zinichome.

Jioni akaja mjomba.

Mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, alifanya kazi mahakamani maisha yake yote. Hakuwa hakimu wala wakili. Kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni na kuita majina: mshtakiwa fulani, shahidi fulani, ingia. Basi. Lakini ukisimama mlangoni miaka yote hiyo, sheria inakuingia masikioni kama vumbi, na alipostaafu akatoka nayo. Tunamwita Mheshimiwa, kwa sababu naye humwita kila mtu mheshimiwa, hata paka. Na kwa mjomba, maneno bila kiapo ni porojo. Ukimwambia umeshakula, atakuambia uinue mkono wa kulia kwanza.

"Nani kafa?" akauliza aliponikuta nimegeukia ukuta.

"Chuo kimemkataa," bibi akajibu.

"Wametoa sababu?"

Nikampa simu bila kugeuka. Akaisoma kwa sauti ya kusomea hukumu, na alipofika kwenye neno rufaa akanyamaza. Kisha nikasikia magoti yake yakilia. Alikuwa amesimama.

"Kesi hii haijaisha," akasema. "Kesi hii ndiyo kwanza inaanza!"

"Mjomba, kile ni chuo, si mahakama."

"Kuna uamuzi?"

"Upo."

"Kuna mtu hakuridhika nao?"

"Mjomba, mimi nilipata D."

"Sikukuuliza hilo, mheshimiwa. Jibu swali."

"Sikuridhika," nikasema, nikiuambia ukuta.

"Basi tunataka mashahidi."

Nilimweleza kwamba rufaa ya chuo mtu huenda peke yake, na vyeti vyake ndani ya bahasha. Akasema mrufani asiye na mashahidi ni ombaomba. Ningeweza kukataa. Lakini nilikuwa naitaka nafasi ile kiasi kwamba mtu angeniambia nitembee kinyumenyume mpaka chuoni, ningeuliza tu nianzie wapi.

Kesho yake tukafanya mazoezi dukani. Mjomba alimteua kinyozi, kwa kuwa ni mfanyabiashara anayeheshimika, na bibi, kwa kuwa ni mzee na wazee hawakatizwi. Mama akamwacha. "Mama mzazi ana maslahi," alisema. "Ushahidi wake hautakuwa na uzito."

"Sawa," mama akasema, upesi kuliko nilivyotegemea, akaendelea kukata sponji.

Mazoezi yalikwenda vizuri ajabu. Kinyozi alikaa kwenye kochi la mwalimu mkuu akasema kwamba katika maisha yake hajaona binti mwangalifu kama mimi. Bibi akasema nina subira na sijawahi kumdanganya mtu tangu nizaliwe. Walinisifu mpaka nikaanza kujitamani. Usiku nililala nikijiona nimevaa koti jeupe.

Kosa moja tu mjomba alilifanya, na hakuna mwingine chini ya jua ambaye angelifanya. Kwenye mazoezi hakumwapisha mtu. Alisema kiapo si kitu cha kuchezea, kitachakaa. Akakiweka akiba kwa ajili ya siku yenyewe.

Alhamisi tukaenda. Tulikuwa watano: mimi na bahasha yangu, mjomba ndani ya suti ya kustaafia, kinyozi, bibi, na mama, ambaye alikuja kwa ajili ya kubeba mkoba wa bibi. Ukumbi wa chuo ulinuka spiriti. Wanafunzi walipita wamevaa makoti meupe, kalamu kifuani, wakicheka mambo yao, na nikawaonea wivu hata namna walivyokuwa wakiburuta miguu kwa uchovu.

Msajili alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyomshuka puani. Mafaili yalikuwa yamemzunguka, na chini ya meza viatu alikuwa amevivua. Alipokea vyeti vyangu, akafungua mdomo aniulize kitu, na hapo mjomba akasimama mlangoni.

"Shahidi wa kwanza! Shahidi wa kwanza! Shahidi wa kwanza!"

Mara tatu, kama ilivyo desturi ya mahakama. Ukumbi wote ukatetemeka. Mlango wa maabara ukafunguka, vichwa vikachomoza, mahali fulani kitu cha glasi kikaanguka. Shahidi wa kwanza mwenyewe alikuwa ameketi kwenye benchi, hatua moja kutoka mdomoni mwa mjomba.

"Mzee," msajili akasema, "hapa hatuitagi mashahidi."

"Mheshimiwa, kuna kanuni inayokataza?"

Msajili akatazama mafaili yake. "Inayokataza hasa, hapana."

"Basi inaruhusu."

Yule mama akavua miwani, akayasugua macho. "Tangu asubuhi ninaliliwa na watu," akasema. "Nyinyi angalau hamlii. Haya, lakini mfanye haraka."

Mjomba akamwinua kinyozi mkono wa kulia, akamwapisha kusema kweli, kweli tupu, na hakuna lingine ila kweli. Nikamwona kinyozi akiutazama mkono wake kama si wake. Nikajua tumekwisha.

"Shahidi, ieleze ofisi hii. Mrufani ni mwangalifu katika kazi?"

Kinyozi akamgeukia mjomba. "Mheshimiwa, umeniapisha."

"Ndiyo. Jibu."

"Alipokuja kukivisha kiti changu cha kunyolea, koti langu lilikuwa limetundikwa nyuma ya kiti. Akalipigilia humo humo."

"Alilipigilia vipi?"

"Liko ndani ya kiti mpaka leo. Wateja wanaegemea mfuko wangu."

Msajili akakohoa. Mimi nikamkata kinyozi jicho ambalo lingetosha kumnyoa. Lakini mjomba hakuwa mtu wa kukata tamaa mapema.

"Na pini zenyewe, shahidi, zilikaa sawasawa?"

"Zilikaa sawasawa mno, mheshimiwa. Tumejaribu kulitoa, tumeshindwa."

"Ofisi izingatie hilo," mjomba akasema, akaita shahidi wa pili mara tatu.

Bibi aliinua mkono kabla hajaambiwa. Alikuwa amevaa vizuri na alikuwa anaifurahia safari.

"Mama, mjukuu wako ana subira?"

"Hana."

"Mama! Jana si ulisema anayo?"

"Jana sikuapa." Bibi akamgeukia msajili, mwanamke kwa mwanamke. "Subira yake ni ya maziwa jikoni, mwanangu. Ukigeuza uso tu, yameshamwagika."

Mjomba akatoa leso, akajifuta paji la uso. "Basi tuseme ni mkweli."

"Mkweli nani? Huyu ni mwongo. Tena mwongo hodari!"

"Bibi!" nikasema.

"Nyamaza, niko chini ya kiapo." Akajiweka sawa kitini. "Mimi nina sukari. Kila asubuhi huyu ananitoboa kidole na kile kimashine chake, anaangalia, ananiambia leo iko hivi, leo iko vile. Kisha ananiletea chai. Ananiambia, bibi, nimekutilia vijiko viwili. Nakunywa, nasema, ah, tamu. Kumbe humo hamna hata punje! Nimedanganywa tangu mvua zilizopita."

"Sasa ulijuaje?" msajili akauliza. Alikuwa ameinama mbele kabisa, mafaili ameyasahau.

"Nilijua siku ya kwanza. Ulimi wangu haujazeeka. Lakini alikuwa anadanganya vizuri, nikaona haya kumvunja moyo."

"Na akikutoboa, anakuumiza?"

"Mkono wake siusikii. Nesi wa zahanati ananitoboa kama anapanda mahindi. Huyu, mpaka nimuulize, umeshamaliza?"

Msajili alicheka mpaka akashika ubavu. Hata mimi, pamoja na hasira zangu, nilianza kuona mwanga. Nikamwona mjomba akivuta koti lake chini kwa fahari, kama mambo yote yalikwenda alivyoyapanga.

Kisha msajili akarudisha miwani puani, akafungua vyeti vyangu, na kicheko kikamtoka usoni kidogo kidogo.

"Binti, mkono unao," akasema. "Lakini damu ya watu haipimwi kwa mkono tu. Ukikosea kuchanganya dawa za kupimia, mtu atakwenda nyumbani kufa na karatasi inayosema ni mzima." Akapitisha kidole kwenye alama. "Baiolojia nzuri. Fizikia nzuri. Hesabu si haba. Kemia ndiyo imeanguka peke yake. Kwa nini?"

Jibu nilikuwa nalo, nimelikariri: mwalimu alikuwa hafundishi vizuri. Mimi sikuwa nimeapa. Nikafungua mdomo, na nyuma yangu kiti kikasogea.

Mama alikuwa amesimama, mkoba wa bibi begani, mkono wa kulia juu.

"Kaa chini, mdogo wangu," mjomba akanong'ona. "Wewe una maslahi."

"Ninayo," mama akasema. "Ndiyo maana nimesimama."

Hakumtazama msajili. Aliutazama ukuta, mahali palipokuwa na kalenda.

"Mazoezi ya Kemia walikuwa wakifanya alasiri, baada ya masomo. Kwa vyombo, kwa mikono. Huyu alasiri alikuwa kwangu. Kitambaa cha kochi kinataka watu wawili, mmoja avute, mwingine apige pini, na mimi sina mwingine. Mwalimu wake alikuja dukani akaniambia, mama, mtoto ataanguka. Nikamwambia nimesikia, ataanza kuja. Sikumwambia mtoto kitu." Akaurekebisha mkoba begani kwa mkono wa kushoto. "Na ule ujumbe ulipokuja nilimpa pole. Lakini moyoni nilifurahi. Nilisema, sasa haondoki."

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Sikuwa nikijua kwamba mwalimu alikuja. Nilikuwa nimejiita mjinga kwa miezi, nikijipiga kichwani na kitabu cha Kemia, kumbe ujinga wangu ulikuwa umeshikiliwa upande wa pili na mama yangu mzazi. Maneno ya kumchoma nilikuwa nayo, si mnajua mimi ni nani. Nikageuka ili nimpe moja linalomtosha. Mama alikuwa bado ameinua mkono. Hakujua kwamba mtu akishamaliza kusema huushusha.

Nikamgeukia msajili tena.

"Shusha mkono, mwanangu," bibi akamwambia.

Msajili alilifunga faili langu polepole. "Rufaa siwezi kuipitisha," akasema. "D haigeuki kuwa C kwa sababu watu wamesema kweli, ingawa ofisini kwangu hii ni mara ya kwanza naisikia kweli nyingi kiasi hiki. Rudia mtihani wa Kemia. Ukifaulu, mwakani omba tena, faili lako nitalitafuta mwenyewe." Akamtazama mjomba. "Na uje peke yako."

Nje, kwenye ngazi, mjomba akatangaza kwamba tunakwenda ngazi ya juu, kwamba ipo rufaa ya rufaa, kwamba yule mama amekiri mbele ya watu wazima kuwa nina mkono. Bibi alitaka choo. Kinyozi alitembea kando yangu akiniuliza kwa sauti ya chini kama koti lake ndilo lililoniponza, na nikamwambia hapana, na nikamwambia nitakuja kulitoa, na akasema liache tu, wateja wameshalizoea.

Nililia njia nzima. Sitasema ni vumbi. Nililia kwa sababu ya nafasi, na kwa sababu ya alasiri zote zile, na kwa sababu nilitaka kumchukia mtu na mtu mwenyewe alikuwa mbele yangu, amembebea bibi mkoba, kisigino cha kiatu kimelika upande mmoja.

Tulipofika dukani nikatundua aproni yangu ukutani kwa mazoea. Kochi la mwalimu mkuu lilikuwa linatakiwa.

"Nipe hiyo," mama akasema.

"Nini?"

"Aproni. Kuanzia leo huna kazi hapa. Nimekufukuza."

"Mama, huwezi kunifukuza. Mimi mwanao."

"Wewe ni mwanangu kule ndani. Hapa dukani wewe ni mfanyakazi, na nimekufukuza kwa utoro wa Kemia."

"Utoro wa Kemia? Nani aliye…"

"Najua nani. Huyo siwezi kumfukuza, duka ni lake."

Mjomba akainua kidole. "Kisheria, mfanyakazi aliyefukuzwa ana haki ya kukata…"

"Kaka!"

Mjomba akakishusha kidole. Bibi alisema baadaye kwamba tangu amzae hajawahi kumwona akiachia sentensi njiani.

Mwalimu wa Kemia hakuniuliza nilikuwa wapi. Aliniambia niende Jumatatu alasiri, nikae na wale wa mwaka huu, nisione haya kwa urefu wangu. Jumatatu nikabeba mkoba. Njia ya shuleni hupita mbele ya duka letu, na sikuwa na nyingine, au niseme sikuitafuta.

Mama alikuwa na kochi kubwa la kijani. Upande mmoja wa kitambaa aliubana kwa goti, upande wa pili aliuvuta kwa meno, mashine ya pini mkononi, na kila alipokaribia kupiga, kitambaa kilimponyoka gotini. Akakivuta upya. Kikaponyoka. Mikono yangu ikaanza kuwasha. Nikauweka mkoba kizingitini.

"Mama. Nikushikie huu mmoja tu."

"Tumefunga," akasema, kitambaa bado menoni.

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Feni ilikuwa inazunguka, redio inaimba, na mteja mmoja ameketi pale ndani kwenye stuli akisubiri mito yake. Nikamtazama mteja. Mteja akamtazama mama, kisha akanigeukia mimi.

"Umesikia, binti," akasema. "Wamefunga."

Nikauokota mkoba wangu, nikaenda Kemia.